Mwajiri wa Namba Arobaini na Saba

Mwajiri wangu wa kwanza nilimpata barazani Musoma, mbele ya watu watatu na faili moja, baada ya kufanya kazi misimu miwili bila kujua kama ninaye. Watu wakinisikia nikisema hivyo hucheka. Wanadhani mtu anayeamka alfajiri, akaenda kiwandani, akala vumbi la pamba mpaka jioni, lazima anajua anamfanyia nani kazi. Mimi sikujua, na kiwandani kwenyewe hawakutaka nijue.

Kiwanda kilikuwa Bunda, cha kutenganisha pamba na mbegu zake, na sisi tulikiita jineri. Kwanza kilikuwa cha mfanyabiashara mmoja, kisha kikawa cha ushirika, kisha baada ya Azimio la Arusha tukaambiwa ni chetu sote. Neno bwana likazikwa. Neno mwajiri nalo likawa la kunong'onwa, maana mwajiri alikuwa mnyonyaji, na mnyonyaji hakuwa na nafasi katika chama. Meneja akawa ndugu, karani ndugu, na nyapara naye ndugu, ingawa aliendelea kutupigia kelele zilezile alizotupigia wakati wa mfanyabiashara. Mimi ni mtu wa kushuku tangu utoto. Mtu akiniita ndugu kabla hajanijua, mimi huangalia kwanza mikono yake iko wapi.

Niliingia jineri kwa njia ambayo wageni wa mkoa wetu huiona ya ajabu. Kwetu ni upande wa Butiama. Niliolewa Bunda, na aliyenioa alikuwa mwanamke. Kwa makabila yetu kadhaa hilo halikuwa jambo la kushangaza: mama aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa binti, ili binti yule azae watoto wa nyumba ile na jina lisifutike. Tunaiita nyumba ntobhu. Yeye nilimwita mama, naye aliniita mkamwana. Asili yake ilikuwa Mugeta, na ng'ombe wake wa mahari walikuwa zizini kwa baba yangu. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa wanaimezea mate nyumba yake na shamba lake, na kila walipopita kusalimu walinitazama tumbo kabla ya uso. Nilikuwa sijazaa bado.

Mama alikuwa mchaguaji jineri tangu enzi za mfanyabiashara. Wachaguaji walikuwa wanawake waliokaa juu ya turubai chini ya paa la bati, wakipitia pamba iliyotoka vijijini kabla haijaingia mashineni. Nyeupe na kavu ni pamba safi. Yenye madoa, majani au unyevu ni fifi. Kazi ya macho na vidole, basi. Vidole vya mama vilikuwa vizima, ila macho yalianza kuingia ukungu, na Jumatatu moja asubuhi akanipa kibati chake cha bati chenye namba arobaini na saba, kile ambacho kila mfanyakazi alikitundika langoni akiingia. Akasema, "Mkamwana, leo nenda wewe. Mimi sioni tena."

Nilifika langoni, kibati mkononi. Nyapara aliita namba, si majina. Alipoita arobaini na saba nikaitika, akaniangalia kuanzia kichwa hadi miguu, akauliza mama yuko wapi. Nikamweleza. Akasema, "Hewala, mradi kibati kitundikwe." Ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Kwa misimu miwili nilikuwa arobaini na saba. Mshahara nilipokea mimi, nikampa mama, naye alinirudishia sehemu. Jina langu halikuandikwa popote, na sikuona ubaya wake, mpaka siku ile ya magunia.

Magunia yale yalitoka chama cha msingi cha kijiji kimoja ambacho hata leo sikitaji. Yaliandikwa pamba safi. Nilipoingiza mkono wa kwanza nikahisi mchanga, na mkono wa pili ukatoka na unyevu. Mtu alikuwa ameimwagia maji ili iwe nzito. Nikawaonyesha wenzangu, wote wakashika, wote wakakubali. Tukaanza kuitupa upande wa fifi. Mara karani akaja mwenyewe mpaka kwenye turubai, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasimama kwa mbali asichafue viatu.

"Hiyo ni safi, akina mama."

Nikamwambia, "Ndugu karani, karibu ushike."

Hakushika. Alinitazama mimi peke yangu, akauliza namba yangu, ingawa alikuwa anaijua, kisha akaenda zake. Wenzangu waliinama wakaendelea na kazi, na niliona mikono ya wawili watatu ikianza kuirudisha ile pamba upande wa safi, polepole. Sikuwalaumu. Wana watoto.

Kesho yake nyapara aliita arobaini na sita, akaita arobaini na nane.

Nikamngoja amalize. Nikamwendea. "Namba yangu hujaita."

"Haijaandikwa, basi. Mimi natumwaga tu, mama. Nikiletewa orodha naisoma."

"Nani kaileta?"

"Ofisi."

Ofisini karani akasema orodha huandikwa kwa maelekezo ya meneja. Meneja nilimngoja kwenye benchi mpaka mchana. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kaunda iliyopigwa pasi vizuri sana. Alinikaribisha kiti, na kiti kile kikanitia wasiwasi kuliko kama angenifokea.

"Ndugu, hapa kwetu hakuna mwajiri na mwajiriwa," akaniambia. "Hiki kiwanda ni chako. Sasa nani atakufukuza kwenye mali yako?"

"Basi kama ni changu, nimejirudisha. Kesho naingia."

"Taratibu zipo, ndugu."

"Za nani?"

"Zetu sote."

Nilitoka pale. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, nikijua huyo angalau ni wa kwetu sisi wa chini. Akafungua daftari lake, akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Namba arobaini na saba ilikuwa ya mama. Mimi sikuwemo. Kamati, akasema, inatetea waliomo.

"Kama mimi siyo mfanyakazi," nikamuuliza, "hapa nimefukuzwa kazi gani?"

Akacheka, akafunga daftari. Nilihisi huyo naye amekwisha kuongea na mtu.

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na sababu ambayo sikumwambia mtu. Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumetangaziwa kwamba wachaguaji wataandikishwa wawe wa kudumu, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, na tangu niache shule hakuna mahali jina langu lilikuwa limeandikwa. Kwa baba nilikuwa binti wa fulani. Kwa mama nilikuwa mkamwana. Jineri nilikuwa arobaini na saba. Nililitaka lile daftari. Nililitaka kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kufanya mazoezi ya kusaini juu ya mchanga nyuma ya jiko.

Nikapanda basi kwenda Musoma kwa Afisa Kazi. Alikuwa kijana wa pwani, Kiswahili chake kama kinachosomwa redioni, kila neno limekaa mahali pake. Mimi na Kiswahili changu cha kuungaunga nilimhadithia yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Dada, kesi yako ina swali moja tu. Mwajiri wako ni nani? Akipatikana, umepona. Asipopatikana, hakuna kesi."

Akaanza kuniuliza. Nani anakuita asubuhi? Nyapara. Nyapara anatumwa na nani? Ofisi. Pamba ni ya nani? Ya kiwanda. Turubai? La kiwanda. Ukikosea nani anakurekebisha? Nyapara. Ukiambiwa usije, aliyekuambia ni nani? Kila swali liliniingia kama sindano, maana kila jibu lilionyesha lango lilelile, na bado pale langoni hakuna aliyekubali.

Kisha akaniuliza habari za kibati, nikamweleza.

"Hapo ndipo watakapokukamata. Watasema hawakukuajiri wewe, walimwajiri mama. Mama ndiye anayekutuma, kwa hiyo wewe ni mtu wa mama, na hayo ni mambo ya nyumbani kwenu, siyo ya kazi. Njia ni moja. Mama mwenyewe aje mbele ya baraza la kazi aseme kazi aliiacha, hakutumi, na wewe si wake. Aseme wazi. Akisema hivyo, wamekwisha."

Nikasema sawa. Nilisema haraka mno.

Kwa sababu mimi si mgeni wa mila zetu. Kwetu, mwenye ng'ombe akisimama mbele ya mashahidi akasema "huyu si wangu", amekuacha. Hakuna barua wala padri. Ni maneno hayo na masikio ya kuyasikia. Nilijua hilo tangu nikiwa mtoto, na njia nzima ya kurudi Bunda, kuanzia Makutano mpaka Kiabakari na kuendelea, nilikuwa najitafutia upenyo. Nikajiambia maneno yatasemwa kwa Kiswahili. Ofisini, kwa watu wa mbali, wasioijua hata rangi ya ng'ombe wetu. Kwetu mambo mazito husemwa kwa lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni cha soko, cha shule, cha hotuba. Nani amewahi kuachwa kwa Kiswahili? Nikaridhika. Mtu anayetaka kitu huridhika upesi.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Nikamwona nyapara anatoka uani kwetu. Alinisalimu kwa adabu, adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, akapita haraka. Ndani nikakuta pakiti ya sukari juu ya meza, na miezi ile sukari ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi.

"Alikuja kufanya nini?" nikamuuliza mama.

"Kunijulia hali."

"Na sukari?"

"Ya kunijulia hali."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akipepeta mtama, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa mlango kama alivyozoea tangu macho yaharibike. Nikamtazama nikaanza kupiga hesabu zangu. Misimu miwili sijamzalia mtoto. Mashemeji zake wanamsema. Nyapara ni mtu aliyefanya naye kazi tangu zamani. Labda wamemuahidi kumrudishia nafasi. Labda amechoka na mimi. Usiku ule niliila sukari yao kwenye uji nikiwa na uchungu mdomoni, nikinywa na kumtazama, naye akinywa na kunisikiliza.

Kesho yake nikamweleza tarehe ya baraza na nikamweleza maneno. Nilimfundisha kama mwalimu anavyofundisha mtoto shairi. "Wakikuuliza, mama, sema: simtumi, si wangu."

Akaacha kupepeta. "Unataka nikukane?"

"Hapana, mama. Ni maneno ya ofisi tu. Ya Kiswahili."

"Kiswahili changu unakijua. Nikisemaga, watu wanacheka."

"Kitatosha."

"Si wangu," akarudia kwa Kiswahili, taratibu, akiyaonja. Halafu akaniuliza tena, kwa lugha yetu, kama nina hakika hicho ndicho ninachotaka. Nikasema ndiyo. Akaendelea kupepeta, na kwa siku zote zilizobaki hakuligusia tena. Ukimya wake ulizidi kunitia shaka. Nilikuwa nalala nikiwa nimejiandaa kusalitiwa.

Baraza lilikaa kwenye chumba cha ofisi ya serikali Musoma, madirisha yamefunguliwa, upepo unaleta harufu ya dagaa kutoka Mwigobero. Mezani walikaa watatu: mwenyekiti, mmoja wa upande wa wafanyakazi, mmoja wa upande wa viwanda. Meneja alikuwepo na suti yake ya kaunda, nyapara pembeni yake. Afisa Kazi alisimama dirishani. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi, na mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani.

Meneja alisema yaleyale tuliyoyatabiri, ila kwa ustadi zaidi. Kiwanda hakikuwahi kumwajiri dada huyu, akasema. Kilimwajiri bibi. Bibi, kwa mila za wenyeji ambazo yeye anaziheshimu, alimwoa huyu binti, na akawa anamtuma. "Kama katika shauri hili kuna mwajiri," akasema, akitabasamu, "basi ni bibi." Watu wakacheka. Nyapara akaulizwa, akasema yeye aliona kibati tu, mtu hakumtazama. Alisema bila kupepesa macho.

Kisha wakamwita mama. Akasimama akishika ukingo wa meza. Mwenyekiti akamsalimu, akamuuliza kama anamfahamu mwanamke huyu. Mama akajibu kwa lugha ya nyumbani.

Nikamshika mkono. "Kwa Kiswahili, mama."

Mwenyekiti akasema hakuna taabu, mzee azungumze kwa lugha yake, akamwita tarishi wa ofisi aje kutafsiri. Akaingia baba wa makamo, kofia mkononi. Mama akageuza uso upande wa hatua zake, akamuuliza kwao ni wapi. Tarishi akasema Mugeta. Akamuuliza ni mtoto wa nani. Akamtajia. Mama akataja babu yake, tarishi akaitikia, na wakasalimiana upya, salamu ndefu ya watu wa ukoo mmoja, huku mwenyekiti akigongagonga kalamu yake mezani.

Nilijua amefanya nini. Alikuwa amejitafutia shahidi.

Hapo nikawa na hakika kwamba sasa atasema mimi ni wake. Atasema mbele ya mtu wa ukoo wake kwamba alitoa ng'ombe, na kwamba miguu yangu inakwenda inakotumwa na yeye. Mama yeyote wa kwetu, mwenye heshima yake, akiulizwa kwa lugha yake mbele ya jamaa yake, angesema hivyo. Meneja naye aliona. Alijiegemeza kwenye kiti.

Mama akasema, "Huyu mwanamke si wangu. Simtumi. Akitoka asubuhi, hatoki kwa neno langu. Kazi niliiacha macho yaliponikataa, nikamwachia yeye, na nyapara akasema hewala, akampangia kazi yeye na siyo mimi. Aliyempangia ndiye aulizwe. Mimi simo."

Tarishi hakutafsiri. Alimtazama, akainama kidogo, akamuuliza kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, "Mama, unajua unachokisema?"

"Tafsiri."

Tarishi akawageukia wa mezani. "Anasema huyu si wake," akawaambia, kisha akaeleza mengine. Mezani wakaandika. Kwao ilikuwa sentensi moja katika ushahidi. Katika chumba kile, tulioijua ile sentensi tulikuwa mama, mimi na yule tarishi, aliyekuwa ameshaacha kunitazama.

Wale watatu wakatoka, wakarudi. Mwenyekiti akasoma. Kiwanda kuwa cha umma, akasema, hakukifanyi kukosa mwajiri. Anayempangia mtu kazi, akamsimamia, akampa vifaa na akaweza kumzuia langoni, huyo ndiye mwajiri, hata kama hataki kuitwa hivyo. Mwajiri wangu ni kiwanda. Nirudishwe kazini, niandikishwe kwa jina langu. Meneja alinyanyuka akaja kunipa mkono na kusema hongera, ndugu. Afisa Kazi alikuwa anacheka kwa furaha. Mimi nilifurahi, nasema kweli, na katikati ya furaha ileile nikamwona mama anapapasa ukuta kutafuta mlango, hajaningoja nimshike.

Nilimkuta nje. Tukatembea mpaka stendi. Tukakaa kungojea basi. Mwishowe nikasema, "Mama, yale yalikuwa maneno ya baraza tu."

"Mtoto wa Mugeta amesikia."

"Kwa nini hukusema kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili ningekosea, wakacheka, wakasema kizee hajui anachosema, wakaandika wanachotaka. Nilitaka wasikie." Akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwani. "Yule nyapara wenu aliponiletea sukari, aliniomba kitu kimoja tu. Niseme wewe ni wangu. Nikajiuliza, tangu lini watu wa jineri wanahangaika na ng'ombe wangu? Nikajua kusema u wangu ni kukuua."

Siku zote zile nilikuwa namshuku yeye, na yeye alikuwa anawashuku wao, kwa ajili yangu.

"Nilipaswa kukuambia ukweli," nikasema. "Nilidhani kwa Kiswahili haitakuwa kitu."

"Ulichokuwa unaniomba nilikijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilikuuliza mara mbili. Wewe ndiye hukutaka kujua."

Basi likaja. Nikamwinua kwa mkono, akakubali, akakaa dirishani mpaka Bunda.

Habari ilifika kabla sisi hatujapumzika. Siku ya tatu mashemeji zake walikuja wawili, wakakaa uani, wakauliza kwa upole kama ni kweli. Mama akasema ni kweli. Wakasema basi nyumba haina mtu, na ng'ombe warudi. Mama akasema ng'ombe waachwe Butiama, yeye hawahitaji tena, ila nyumba wataizungumza. Walipoondoka nilipiga magoti, nikamwambia arudishe neno lake, nami nitaacha kazi. Akasema neno la namna ile halirudishwi na aliyelisema, na kwamba akifanya hivyo Mugeta watamwona mwanamke asiye na msimamo. Akanisaidia mwenyewe kufunga nguo zangu kwenye kanga. Nikapanga chumba karibu na jineri. Nilikuwa naenda kumwona kila Jumapili, na kila nikifika alikuwa ananiletea kiti kama mgeni, mimi niliyekuwa napika kwenye jiko lile, na kunikataza nisioshe vyombo. Msimu uliofuata mashemeji wakamhamishia kwao na kuiingia nyumba.

Kwa nini niliondolewa langoni sikupata kuthibitisha mpaka leo. Yale magunia yalipita, najua. Nani aliyapitisha, na nani alimtuma karani, kila niliyemuuliza alimwonyesha mwingine. Nina watu wangu ninaowashuku, na wamekwisha kufa.

Jumatatu ya kwanza baada ya mimi kuhama, nilipokwenda kuandikishwa, karani yuleyule ndiye aliyekuwa na fomu. Hakunitazama usoni. Aliandika jina langu, lote, kwa mwandiko mzuri, na mimi nilisimama nikilisoma likiwa juu chini upande wangu wa meza. Akaandika kazi: mchaguaji. Akaandika mwajiri. Akafika kwenye mstari mwingine.

"Jamaa wa karibu. Ukiumia hapa, tumjulishe nani?"

Nikamtaja mama.

Akafungua droo, akatoa faili langu jipya, akafunua nakala ya uamuzi wa baraza, akapitisha kidole kwenye ushahidi mpaka alipopata alichokuwa anakitafuta. Akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Hakuwa na ubaya safari hii, nadhani. Alitaka tu fomu ziende sawa.

"Hapa imeandikwa wewe si wake," akasema. "Nimwandike nani?"

Nikamfikiria baba yangu Butiama, na ng'ombe ambao hawakuwa mahari yake tena wala mali ya mtu mwingine. Nikawafikiria wengine wote. Karani alingoja, kisha akachora mstari mahali pale, akanipa kalamu nisaini.